MWANZA: NDEGE YA KUPIGWA PASI!

Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam jina la Mwanza, utaona mate yanamtoka. Sato! Sangara! Akishamaliza samaki atakuhamia kwenye mawe, kwamba ati kuna Jiwe la Bismarck limesimama majini pale karibu na kivuko cha Kamanga utafikiri kuna mtu kalipanga kwa mkono. Sawa, yote kweli. Mawe yapo, na samaki wapo, ingawa bei ya sato ni kasheshe tupu. Lakini safari hii, mpenzi msomaji, hatukwenda Mwaloni Kirumba kunusa dagaa. Tulipanda kilima cha Isamilo kwa miguu, jasho chapachapa, kwenda kutazama ndege inayopigwa pasi.

Usicheke, umesoma sawasawa. Ndege. Inapigwa pasi kama shati la harusi. Na ikishapigwa pasi inaruka.

Mwenyeji wetu ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Kaomba jina lake lisiende gazetini maana, anasema, wakijua anashughulika na rimoti na betri watamletea redio zote mbovu za Kanda ya Ziwa. Basi tutamwita Mwalimu, na wanaomjua watamjua. Nilipobisha hodi aliyefungua mlango ni mjukuu wake, binti wa miaka 13, yuko kidato cha kwanza. "Shikamoo mjomba, karibu, ila usikanyage hapo, kuna bawa." Kweli, lilikuwepo bawa. Limelazwa sakafuni juu ya ubao, na juu yake magazeti, na juu ya magazeti mawe manne ya Mwanza yaliyooshwa yakang'aa. Meza ya chakula ilishatekwa siku nyingi. Bibi mwenye nyumba aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwishakata tamaa, kwamba familia inakula imepakata sahani miezi mitatu sasa.

Mzigo wenyewe ulitoka Uingereza kwenye begi la ndugu yao hadi Dar, halafu ukapanda basi. Zaidi ya kilomita 1,100, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, boksi limepakatwa kama mtoto mchanga kwa sababu mwenye nalo alikataa katakata lisiwekwe kwenye buti. Ukilifungua unategemea kuona ndege. Wapi! Unaona mbao nyembamba kama kadi za mwaliko zilizochongwa kwa mashine, fito kadhaa, vipande vya plaiwudi, waya wa miguu, na ramani kubwa ya ukubwa ule ule wa ndege yenyewe. Ni kama kununua kuku ukapewa mifupa na karatasi ya maelekezo.

Kuna watu mtaani wanasema hayo ni mambo ya wazungu, mzee kaanza utoto. Mwalimu akisikia hivyo hucheka, kisha humpeleka msemaji barazani, kule ziwa linakoonekana, akamwelekeza bandarini. "Ile MV Victoria unadhani iliogelea kutoka Ulaya?" Hapo ndipo mtu anapokwama, kwa sababu Ziwa Victoria halina mlango wa bahari. Meli ile iliundwa na kampuni ya Yarrow kule Scotland mwaka 1959 na 1960, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa hadi Mombasa, ikapanda treni hadi Kisumu, ikaunganishwa upya kama anavyounganisha yeye, na mwaka 1961 ikaanza kazi. Kabla yake ilikuwepo SS William Mackinnon, iliyoundwa Paisley, hukohuko Scotland. Hiyo ilikuja wakati reli haijafika ziwani, kwa hiyo vipande vyake vingine vilibebwa na wapagazi, na ikashuka majini mwaka 1900. Ziwa hili limejengwa kwa maboksi, bwana! Halafu mwaka 2023, mwezi Februari, Mwanza ikashusha majini meli ya MV Mwanza, ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliyoundwa papa hapa bandari ya kusini. Kutoka kuunganisha vya wenzako hadi kuunda hapo hapo ulipo ilipita zaidi ya miaka 120. Mwalimu anasema yeye hana muda wote huo.

Sasa tuje kwenye mbao zenyewe, maana hapa ndipo nilipobaki mdomo wazi. Mti huo unaitwa balsa, na sehemu kubwa ya balsa ya dunia hutoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Jina lenyewe ni neno la Kihispania, maana yake ni chelezo, yaani magogo yaliyofungwa pamoja ili yaelee. Nilipewa kipande kirefu kama rula ya shule, nikakishika, nikadhani nimeshika hewa. Mita moja ya ujazo ya balsa ya kawaida ina uzito wa kilo kama 160. Mninga wa kitanda chako unakaribia mara nne ya hapo. Lakini usiidharau. Wakati wa vita kuu ya pili Waingereza waliunda ndege ya vita iliyoitwa Mosquito kwa kuiweka balsa katikati ya plaiwudi ngumu, kama nyama ndani ya mkate, na ilikuwa moja ya ndege zenye mbio kuliko zote za wakati wake.

Cha ajabu ni hiki. Kwenye ghuba zetu zenye matete, ukingoni mwa Ziwa Victoria, unaota mti wenye maua ya njano na miiba ambao mbao yake nayo ni nyepesi ajabu. Wenye vitabu wanauita Aeschynomene elaphroxylon, jina la kumvunja mtu taya; Waingereza wanasema ambatch. Wavuvi wa zamani waliufanya maboya ya nyavu kabla plastiki haijaingia, na kule Ziwa Baringo, Kenya, watu wameunda vyombo vya kuvulia kwa mti huohuo. Binti aliposikia habari hiyo kwa babu yake, swali lake lilikuwa moja: "Sasa Babu, kwa nini tumeagiza Ecuador?" Mwalimu akasema mbao hupimwa kwanza, na hajapata kumwona aliyeipima kwa ajili ya bawa. Swali likabaki mezani pamoja na gundi.

Fundi wa mitumbwi wa hapa hangepata taabu kuielewa kazi hii. Mtumbwi wa mbao una mkuku, una mbavu, una mbao za kufunika mbavu, na nyufa zinazibwa kwa pamba. Ndege nayo ni hivyo hivyo. Bawa la hii lina urefu wa mita 1 na sentimita 40, toka ncha hadi ncha, na lina mbavu 22. Unatandika ramani juu ya ubao, unaifunika kwa nailoni ili gundi isiing'ang'anie, unachomeka ufito juu ya mchoro kwa pini za mshonaji, halafu unasimamisha mbavu mojamoja. Ukikosea kidogo, ubavu mmoja ukalala, bawa lote linapinda, na ndege yenye bawa lililopinda inakwenda inakotaka yenyewe. Kwa hiyo binti anasimamisha ubavu, anaweka kona ya mraba ya hesabu, anachungulia kwa jicho moja, anapaka tone la gundi kwa njiti ya kiberiti. Mbavu 22. Nilikaa pale saa nzima, zikawa tatu.

Na unyevu wa ziwa hauna urafiki. Mbao nyembamba kama hizi zinafyonza hewa ya usiku na kujikunja, ndiyo maana bawa lilikuwa limelaliwa na mawe. Mabawa yenyewe hayalali bapa. Yanainuka kidogo kila upande kama tai anavyoelea juu ya Kisiwa cha Saanane. Ndege ikilalia upande mmoja, mwinuko huo unaisaidia kurudi sawa yenyewe. Kwa anayejifunza hiyo ni heri, maana mikono ya mwanafunzi hutetemeka.

Haya, pasi. Mifupa ikishakauka na kupigwa msasa (vumbi la msasa huo usilivute, jamani, fungeni pua), inavishwa ngozi ya plastiki nyembamba yenye gundi upande mmoja. Unaipitishia pasi kingoni, inashika. Kisha unapitisha pasi katikati, inajivuta na kukaza hadi inalia kama ngoma ukiigonga kwa kidole. Sasa pasi ya nyumba ile ni ya mkaa. Haina namba wala taa, inajua kuunguza tu. Ukizidisha moto plastiki inatoboka tundu la kupita ngumi. Bibi ndiye aliyeokoa jahazi: akaivika pasi soksi ya pamba, akaipima joto kwa tone la maji kama anavyofanya kwenye kitenge cha sikukuu, akalifunika bawa lote la kulia bila kunyanzi hata moja. Bawa la kushoto walifunika wanaume. Tofauti utaiona ukiwa nje barabarani.

Ndani ya tumbo kuna mota ya umeme, betri ya lithiamu, na vimota vinne, kila kimoja kama kipande cha sukari guru, gramu 9, vinavyosukuma waya wa usukani na wa mkia na mabawa. Rimoti inaongea navyo kwa mawimbi ya redio. Wengi wetu tunadhani mambo haya yalianza juzi na simu za mkononi. Mwaka 1898 bwana mmoja aitwaye Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo inayoendeshwa kwa redio, na waliotazama hawakuamini macho yao. Mwaka 1937 mapacha wawili wa Marekani, Walter na William Good, wakarusha ndege yao ya redio waliyoiita Guff. Ilianza mashua ikafuata ndege, na mtu wa ziwa hawezi kulalamika kwa mpangilio huo.

Kilichomnyima Mwalimu usingizi ni uzito. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama sehemu 1 katika 10. Bawa linapata hewa kidogo ya kuegemea na pangaboi linapata hewa kidogo ya kung'ata, kwa hiyo ndege lazima ikimbie zaidi ndipo iinuke. Kila gramu inahesabiwa. Walikataa rangi, wakakataa stika, na binti alitaka kuandika jina la ndege kwa kalamu ya wino mzito akaambiwa aandike kwa penseli. Ilipokamilika ilikuwa na kilo 1 na gramu 150. Halafu kuna kuisawazisha: unaibeba kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, sentimita 6 na nusu nyuma ya ukingo wa mbele, na inatakiwa itulie kama mizani ya dhahabu. Pua ikiinama kidogo, si neno. Mkia ukiinama, usirushe, utaokota vijiti.

Msomaji utauliza, mzee huyu na pensheni yake, yote haya ya nini? Nami niliuliza. Akakaa kimya kidogo, akamtuma mjukuu chai, kisha akaniambia.

Yule binti amezaliwa Ukerewe, kwa upande wa mama yake. Watu wa ziwa hawahitaji kukumbushwa habari ya maji. Walizika wa MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Wakazika tena wa MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 200. Mwaka huohuo 2018 kampuni ya DHL, shirika la Ujerumani la GIZ na waunda ndege wa Wingcopter walitangaza majaribio yao ya miezi 6 ya kupeleka dawa Ukerewe kwa ndege isiyo na rubani. Ilikuwa inanyanyuka wima kama helikopta, kisha inakwenda kama ndege: kilomita 60 kutoka bara hadi kisiwani kwa wastani wa dakika 40, na ingeweza kubeba kilo 4. Kwa barabara walihesabu kilomita 240 na saa 6, kwa kisiwa chenye watu karibu 400,000. Mwishoni mwa Oktoba yakaja pia mashindano ya Lake Victoria Challenge, na ndege za namna hiyo zikaruka kutoka Mwanza hadi Kisiwa cha Juma.

Binti alikuwa na miaka 6, yuko kwa bibi yake kisiwani. Ikapita juu. Watoto wenzake wakaikimbiza wakipiga mayowe. Yeye akasimama akauliza nani yuko ndani. Akaambiwa hamna mtu. "Sasa anayeiendesha yuko wapi?" Mtu mzima mmoja akamjibu: "Hayo wanayajua wazungu wenyewe."

"Jibu hilo lilinikaa kooni," alisema Mwalimu. "Nimefundisha fizikia miaka 31."

Majaribio yakaisha na maboksi yakafungwa. Mwalimu hana kinyongo nayo. Anasema walifanya walichosema watafanya. Lakini ndege yake ya balsa haibebi hata kidonge cha kichwa, na nilimwambia hivyo. Akasema hiyo ya kwao nayo ilikuwa na bawa, betri, upepo wa pembeni na hofu ya kutorudi. Mtu akiyajua hayo manne kwa mikono yake, mengine atasoma.

Siku ya kurusha tuliamka giza. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko upande wa Ilemela, kwa hiyo sisi tukaelekea upande wa pili kabisa, kusini, tukapita Nyegezi na Malimbe hadi Luchelele. Mwalimu alikuwa na kibali chake mfukoni, maana kurusha vyombo vya rimoti angani si jambo la kukurupuka, kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mwenyekiti wa mtaa alishaarifiwa akaja mwenyewe na kiti chake. Saa 12 na nusu asubuhi ziwa lilikuwa kama kioo. Mchana upepo huwa unatoka majini kuja nchi kavu, kwa hiyo wenye akili hurusha mapema. Mbali majini wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda kama moshi wa treni. Watoto, wachungaji, akina mama wa dagaa, wavuvi waliotoka usiku, wote wakajaa. Kama mechi ya Toto African!

Mikono ya Mwalimu inatetemeka siku hizi. Mpango ulikuwa Babu arushe, mjukuu aendeshe. Binti alishajifunza kwenye kompyuta ya binamu yake kwa wiki nyingi, lakini kompyuta haina mihogo wala ng'ombe. Wakajaribu rimoti kwa umbali wa hatua 30, usukani kushoto, kulia, mkia juu, chini. "Tayari, Babu?" "Wewe ndiye rubani, mimi unaniuliza nini?"

Akairusha. Ikashuka. Ikashuka tena hadi usawa wa magoti, mama mmoja akashika kichwa, halafu pangaboi likang'ata hewa ile nyepesi na ndege ikapanda, ikapanda, bawa la Bibi likimetameta jua lilipolipata. Kelele zilizopigwa pale nadhani zilisikika Sengerema. Binti hakucheka. Alikuwa ameuma midomo, anazungusha ndege mduara mkubwa juu ya mihogo, kamwe si juu ya watu, kama alivyofundishwa. Dakika ya tatu furukombe, yule tai wa kichwa cheupe anayelia utafikiri anamsuta mtu, akanyanyuka kwenye mti akaja kutazama mgeni ni nani. Akaisogelea hadi nikafumba macho. Binti akapunguza mota, akaishusha, akamwachia mwenye anga njia. Furukombe akarudi kwenye mti wake.

Dakika ya tano saa ya rimoti ikalia. Upepo nao ukawa umeamka, unatoka ziwani, mapema kuliko desturi. Akaigeuza ielekee upepo, akaileta chini polepole, vizuri kabisa, na mita tatu kabla ya majani ncha ya bawa la kushoto ikagusa shina la muhogo. Kra! Tuliisikia wote. Uwanja mzima ukanyamaza. Binti akaweka rimoti chini kwa utaratibu, akatembea (hakukimbia), akapiga magoti, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Babu, mbavu mbili tu. Na ukingo wa mbele."

Kwenye boksi hazikubaki mbao za mbavu za akiba. Mvuvi mmoja wa makamo aliyekuwa amekuja kutazama akaokota kipande cha ubavu uliovunjika, akakipima mkononi, akasema miti ya namna hiyo ipo pale chini kwenye matete, marehemu baba yake akiifunga kwenye nyavu. Mwalimu na mjukuu wakatazamana. Dakika kumi baadaye wote tulikuwa tumezama kwenye tope hadi magoti, na mwenyekiti amebaki na kiti chake juu akitulindia ndege.

Kipande walichokipata kilikuwa kikavu, kinene kama mkono wa mtu. Wakakipeleka kwa mnunuzi wa sato aliyekuwa na mizani ya kuning'iniza. Akakitundika. Mshale ukabaki palepale.

"Mizani yako mbovu hii," Mwalimu akamwambia.

"Mizani nzima, mzee wangu. Hicho ndicho hakina kitu."

Binti akakitungua, akakifuta tope kwa sketi yake, akakiweka kwenye boksi pamoja na mabawa.